Wimbo wa Mwanamke wa Ipogolo

Mnaoishi kati ya Mbeya na Iringa wimbo wenyewe mmeusikia. Ulianza kupigwa redioni mwezi wa tano, gitaa linanguruma kama lori lililobeba mzigo likipanda mlima, halafu sauti ya mwanaume inaingia taratibu kuimba habari ya mvua. Watu waliupenda, wakauweka kwenye simu zao. Mimi nataka nieleze ulivyoingia nyumbani kwangu na ulichotoka nacho. Naeleza kwa ajili ya wenye watoto wachanga, maana wao bado wana nafasi ya kufanya nilichoshindwa kufanya mimi.

Mwanangu Nasrin alikuwa na miaka arobaini na tatu. Sisemi alikuwa msichana. Aliolewa Makambako, akaachika bila mtoto, akarudi Ipogolo, hapa Iringa, kukaa na mimi na kuendesha duka la vitambaa aliloacha marehemu baba yake. Miaka tisa alikaa hivyo. Wanaume walikuja kuuliza bei ya kitambaa, wakauliza na mengine, yeye akawajibu bei ya kitambaa tu.

Siku moja akaingia Bushiri. Alikuwa fundi redio wa Uyole, Mbeya, amefiwa na mke, umri wake na wa Nasrin mmoja. Alisema anatafuta santuri. Baba yake, Adamu, alikuwa mpiga gitaa na mwimbaji wa bendi ya roki ya Mbeya iliyoitwa Ngurumo za Loleza. Vijana hao walivuka mpaka wa Tunduma mwaka themanini na mbili, wakarekodi Zambia santuri moja ndogo, na baada ya hapo bendi ikavunjika. Adamu alikufa Bushiri akiwa na miaka sita. Mama yake alikuwa ametangulia. Shangazi yake, Bi Shufaa, ndiye aliyemlea. Alichokuwa anajua Bushiri ni jina la wimbo, "Siku Tatu", na kwamba nakala chache zililetwa kuuzwa kwenye maduka ya Iringa.

"Dada, sinunui kitambaa," alimwambia Nasrin. "Natafuta sauti ya baba yangu."

Nasrin alinisimulia jioni hiyo tukimenya viazi. Aliisimulia kama habari ya kuchekesha, lakini kiazi kimoja alikimenya mpaka kikabaki kama punje ya karanga. 

Stoo ya duka letu ilikuwa na maboksi zaidi ya thelathini, mengine hayajafunguliwa tangu baba yake akiwa kijana. Zamani alichukua mzigo wa jumla wa kila aina, uzi, vifungo, sindano za cherehani, betri, na santuri pia, ingawa muziki wenyewe hakuupenda. Mtu mwenye haraka angeyafungua maboksi hayo yote kwa siku moja. Nasrin aliyafungua moja kwa wiki. Kila Ijumaa baada ya sala simu ililia, na Bushiri aliuliza swali lilelile, amefika boksi la ngapi. Naye alijibu, la nne. La tisa. La kumi na mbili. Baada ya hapo walizungumza saa nzima mambo ambayo hayakuhusu maboksi.

Boksi la kumi na saba lilikuwa nayo. Santuri tano, bado ziko kwenye bahasha zake za karatasi. Siku ya Ijumaa Nasrin alimwambia Bushiri kwamba amefika la kumi na saba na hakuna kitu. Ijumaa iliyofuata akamwambia la kumi na nane, hakuna kitu. Nilijua anadanganya kwa sababu nilipokunja mashuka yake niliikuta santuri moja chini ya mto.

Nikamuuliza anamficha mwenzake mali ya baba yake kwa nini.

"Akishaipata hatapiga tena simu," akasema.

"Mpe. Akinyamaza utakuwa umejua."

Akampigia kumwambia imepatikana. Bushiri hakunyamaza. Alishuka kwenye basi pale Ipogolo siku ya pili yake, akaishika ile santuri kwa mikono miwili, akamwangalia Nasrin muda mrefu kuliko alivyoiangalia santuri. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya kaunta napanga vifungo. Nilifurahi. Nasema hivyo ili mjue kwamba sikuwa mama wa kumkatalia mtoto.

Lakini kuna kitu sikukisema. Siku ya kwanza nilipoambiwa bendi ya Mbeya, moyo wangu ulistuka. Nikajiambia bendi zilikuwa nyingi wakati ule, na barabara ile hupitwa na watu wa kila aina. Nikaendelea na viazi vyangu.

Posa ililetwa mwezi wa nne. Bi Shufaa alikuja na wazee wawili kutoka Uyole, na upande wetu alikaa shemeji yangu Mzee Junaid, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye walii wa Nasrin, mwenye idhini ya kumwozesha. Mzee Junaid alijifanya mgumu kwa nusu saa, kama inavyotakiwa, akauliza fundi redio atamlisha nini binti yetu, nyaya? Bi Shufaa akamjibu kwamba binti mwenyewe ameshaanza kuota kutu, afadhali apate fundi. Watu wakacheka. Ndoa ikapangwa baada ya Idi kubwa.

Ndipo Bushiri akaleta gramafoni aliyoiunda upya mwenyewe kwa vipande vya mashine tatu. Alisema ile santuri hajaisikiliza bado. Hakutaka kuisikia sauti ya baba yake peke yake kwenye kibanda cha ufundi. Alitaka aisikie mbele ya watu wa kwake, wa zamani na wa sasa. Aliposema wa sasa, hakumtazama mtu. Nasrin alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, na vikombe viligongana.

Sindano ikakwaruza. Gitaa likanguruma. Kisha Adamu akaimba:

*Mvua imekula barabara, lori letu limelala,*
*mke wangu yuko wodini, mtoto analia njaa.*
*Mwanamke wa Ipogolo akafungua mlango,*
*siku tatu akampa ziwa, jina lake sikuuliza.*

Bushiri aliinamisha kichwa. Alikuja kusema baadaye kwamba miaka yote alidhani ni wimbo wa mapenzi, siku tatu za mapenzi. Kumbe yule mtoto ni yeye. Bi Shufaa alikuwa akifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema ni kweli, marehemu wifi yake aliwahi kulazwa Iringa, bendi ikakwama huko kwa mafuriko, lakini hakuna aliyemwambia kwamba mtoto alinyonyeshwa na mtu. Adamu hakuwa mtu wa maneno. Aliyatia kwenye gitaa.

Mzee Junaid alikuwa wa kwanza kuona jambo lenyewe. Alilisema kwa mzaha, lakini alilisema. Huyo mwanamke ni mama wa Bushiri wa kunyonya, na watoto wake ni ndugu zake. Ipogolo siyo kubwa. Heri atafutwe kabla ya ndoa, tusije tukaozesha ndugu kwa ndugu.

Akanigeukia. "Shemeji, wewe mwaka huo ulikuwa hapa, na ulikuwa na mtoto ziwani. Nani huyo?"

Wote walinitazama. Nasrin pia, anatabasamu, sinia bado liko mkononi.

"Watu wengi wamehama," nikasema. "Siwezi kujua."

Sasa nitawaambia nilichojua.

Ilikuwa masika ya mwaka themanini na moja. Nasrin alikuwa na miezi minne, mimi nina miaka ishirini. Mume wangu alikuwa Makambako kufuata mzigo. Ruaha Mdogo ulijaa mpaka maji yakapita juu ya barabara, na malori yakasimama mstari mrefu. Alasiri moja mlango ukagongwa. Nikamkuta kijana mwenye nywele nyingi na suruali pana chini, amembeba mtoto ndani ya koti. Alisema mke wake amelazwa, homa kali, na mtoto hapokei maziwa ya ng'ombe, akipewa kwa kijiko anatapika. Alikuwa amegonga milango sita. Wangu ulikuwa wa saba.

Sikufikiri. Mtoto alikuwa analia kile kilio cha mwisho, kisichokuwa na sauti. Nikamchukua, nikakaa kwenye kigoda, Nasrin kushoto na yeye kulia. Baba yake akatoka nje akasimama kwenye mvua.

Walikaa siku tatu. Bendi ililala kwenye lori, mtoto alilala kwangu. Siku ya nne mama yake aliruhusiwa, maji yakapungua, wakaondoka kwenda Mbeya. Jina la mtoto sikuuliza. Niliogopa nikilijua nitalitaja. Mume wangu alikwisha sema mwanamuziki asikanyage kizingiti chake. Na mimi nilikuwa nimesoma chuo cha Kurani, nilijua kwamba mke hamnyonyeshi mtoto wa watu bila kumwambia mume. Nikasema nitamwambia akipumzika safari. Halafu nikasema wiki ijayo. Alikufa miaka kumi na moja iliyopita, hajui.

Baada ya posa wale wawili walianza kumtafuta huyo mwanamke. Walimtafuta kwa furaha, na hilo ndilo lililonimaliza. Jumamosi na Jumapili Bushiri alikuja kutoka Uyole, wakaenda nyumba kwa nyumba, Nasrin na binamu yake mbele, Bushiri nyuma, wakiwauliza vikongwe. Walitaka akae mbele siku ya harusi, mahali pa mama wa bwana harusi. Nasrin alikuwa ameshamchagulia kitambaa.

Vikongwe waliwapa majina ya watu waliokufa. Ndipo Bushiri akaupeleka wimbo kwenye redio moja ya Mbeya. Mtangazaji aliupenda kuliko Bushiri alivyotarajia. Aliupiga asubuhi na jioni, na kila akimaliza alisema: kama wewe ndiye mwanamke wa Ipogolo, au unamjua, tupigie. Redio ya Iringa nayo ikauchukua. Nikawa naenda sokoni nausikia kwa muuza nyanya, narudi nausikia kwa fundi baiskeli. Wanawake watatu wakapiga simu kudai ni wao. Mmoja alikuwa amezaliwa mwaka themanini na tano. Nasrin alicheka mpaka akakaa chini.

"Mama, huyu alinyonyesha kabla ya kuzaliwa," akasema.

Sikucheka. Akaniuliza naumwa nini, siku hizi sili. Nikamwambia afunge mlango.

Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi. Aliendelea kukunja kitambaa mezani, akakikunja, akakikunjua, akakikunja upya. Nilipomaliza akauliza nani mwingine anajua.

"Mungu," nikasema. "Na mimi."

"Baba?"

"Hakujua."

"Jirani?"

"Waliojua wameshakufa."

Akapiga pasi kile kitambaa kwa kiganja chake.

"Umenyamaza miaka arobaini na tatu, mama. Unashindwa wiki tano?"

Nikamwambia kwamba hizo wiki tano zina ndoa mwisho wake. Akasema anajua zina nini. Akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayepatana bei, kwamba hana umri wa kuzaa tena, kwa hiyo hakuna mtoto atakayedhulumika. Wataishi Uyole, yeye atashona, mwenzake atatengeneza redio, watazeeka. Nani ataumia? Nikamwambia yeye mwenyewe ataumia, maana sasa anajua.

"Usingeniambia basi," akasema. "Ungeubeba mwenyewe. Ulishazoea."

Siku tatu tulikaa nyumba moja tukipishana kama wapangaji. Nakiri hapa kwamba nilikaribia kumtii. Usiku nilihesabu sababu zake na nikaziona nzuri. Mtoto akikuomba kitu kimoja maishani mwake, na kitu chenyewe ni ukae kimya, unaona kama anakuomba kidogo.

Siku ya Alhamisi Bushiri akaja bila kutarajiwa. Kulikuwa na baridi ile ya mwezi wa sita, ukungu umeshuka mpaka barabarani. Alikuwa amebeba blanketi jipya, zito, la rangi ya maziwa, limefungwa kwa utepe. Nasrin aliingiza chai, akaketi mbali.

Bushiri alisema amechoka kutafuta na ndoa imekaribia. Ameona anunue zawadi, aiache kwangu. Mimi ni mwenyeji, mtu akijitokeza hata baada ya mwaka, nimpe.

"Mwambie ni la baridi ya Iringa," akasema. "Mwambie sikuwa na lingine la kurudisha."

Akaliweka magotini pangu. Lilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi minne. Sikupanga kusema. Nilimtazama Nasrin, naye alitikisa kichwa taratibu, mara moja, akiniomba.

"Kaa vizuri, Bushiri," nikasema. "Hili blanketi ni langu."

Alidhani natania. Akaanza kutabasamu, tabasamu likafika katikati likasimama. Akanitazama mimi, akamtazama Nasrin, akarudi kwangu. Nasrin alikuwa amefunika uso kwa viganja. Hapo akaelewa yote, la kwangu na la kwamba mwenzake amelijua kabla yake.

Akamuuliza tangu lini. Nasrin akajibu, Jumatatu.

"Jumatatu tuliongea kwenye simu saa nzima," Bushiri akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniuliza rangi ya mapazia."

"Nilitaka kuisikia," Nasrin akasema. "Nilitaka nijue yangekuwa rangi gani."

Bushiri hakupandisha sauti. Aliinuka akaja akapiga magoti mbele yangu, akanishika mkono, akaubusu, kama mtoto anavyomsalimia mama aliyetoka safari. Kisha akatoka akakaa kwenye ngazi za nje, chai yake ikapoa.

Jumapili tulikaa mbele ya Shehe Obeid, sebuleni kwangu, watu walewale wa posa. Shehe ni mtu mpole, hana papara. Alieleza kwamba kunyonya mara moja hakutoshi, na kwamba sisi tunafuata kunyonya mara tano kwa kushiba, mtoto akiwa hajafika miaka miwili. Ikiwa chini ya hapo, hakuna kizuizi, na ndoa ni halali. Na mnyonyeshaji akiwa na shaka ya idadi, basi shaka haizuii ndoa.

Chumba kizima kikavuta pumzi.

Mzee Junaid akasogea mbele ya kiti. Alisema shemeji yake alikuwa binti wa miaka ishirini na leo ni mtu mzima, nani anakumbuka hesabu ya miaka arobaini na tatu? Yeye hakumbuki alichokula jana. Bi Shufaa akaongeza kwamba hata huo wimbo usichukuliwe kama hati. Wanamuziki wanatia chumvi, mdogo wake Adamu aliwahi kuimba kwamba ana ng'ombe mia, na kwao hakukuwa na kuku. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kuomba. Waliniwekea njia, wakaifagia, wakasimama pembeni nipite.

"Tunasubiri neno lako, Bi Siwema," Shehe akasema. "Ukisema huna hakika, hakuna atakayekulazimisha uwe nayo."

Neno lenyewe lilikuwa moja tu. Sikumbuki. Nasrin alisimama mlangoni akiniangalia kinywani. Bushiri alikuwa anaangalia mikono yake.

"Mama," akasema bila kuinua macho, "usiseme kwa ajili yetu. Sema ilivyokuwa."

Nikasema ilivyokuwa. Siku ya kwanza peke yake alinyonya mara saba, na kila mara aliliachia ziwa mwenyewe kwa kushiba. Nakumbuka kwa sababu jioni ile maziwa yalipungua upande wa Nasrin, akalia, nikamkorogea uji mwepesi wa ulezi. Ulikuwa uji wake wa kwanza. Mama hasahau uji wa kwanza wa mtoto wake wa kwanza.

Shehe akainamisha kichwa. Hakuna aliyecheka tena.

"Kwa hiyo hata wakati ule," Nasrin akasema kutoka mlangoni, "ulinipunguzia mimi, ukampa yeye."

 

Shehe alimaliza kazi yake. Hawa ni kaka na dada, akasema, na hawataoana mpaka siku ya kiama. Lakini undugu una haki zake. Yeye ni maharimu wake sasa kama angezaliwa tumboni mwangu. Wanaweza kukaa chumba kimoja, kushikana mikono, kusafiri pamoja, na Nasrin hana haja ya kujifunika ushungi mbele yake tena. Alilisema kama faraja. Nadhani kwa mtu mwingine ingekuwa faraja.

Bushiri alipanda basi la jioni. Nasrin alirudi dukani Jumatatu. Mimi aliniamkia kila asubuhi, alinipikia, alinipeleka kliniki ya presha, na hakunisemesha zaidi ya yanayohitajika. Redio ziliendelea kupiga wimbo, na siku moja mtangazaji akasema mwanamke wa Ipogolo amepatikana, na hataki jina lake litajwe. Alisema ni unyenyekevu.

Wewe unayenyonyesha sasa hivi, sikiliza. Jirani akifiwa na mke, mdogo wako akiugua, mgeni akigonga mlango na mtoto anayekufa njaa, mpe ziwa. Sikukatazi, na mimi ningempa tena. Lakini siku hiyohiyo mwambie mumeo, hata kama atakasirika. Uliza jina la mtoto, la baba yake, la mama yake, na wanakotoka. Andika kwenye daftari la mahesabu, andika nyuma ya kadi ya kliniki, andika popote. Mwambie mtoto wako akiwa mdogo, akiwa bado anacheza, kwamba una ndugu mahali fulani anaitwa fulani. Mtoto akiambiwa mapema anakua anajua. Akiambiwa akiwa na arobaini na tatu, unakuwa umemnyang'anya.

Bushiri alirudi mwezi wa nane. Alipiga simu kwanza, akaniuliza kama mwana anaweza kuja kumsalimia mama. Nikamwambia nyumba ni yake. Akaja asubuhi na kilo mbili za mchele wa Kyela na redio ndogo aliyoitengeneza kwa ajili yangu, akakaa kwenye kiti kilekile cha siku ya posa. Alikuwa amekonda. Tuliongea juu ya bei ya mbolea, juu ya mguu wa Bi Shufaa. Kila mlango wa ndani ulipolia alinyamaza katikati ya neno.

Nasrin alikaa chumbani muda mrefu. Nilisikia kabati linafunguliwa, linafungwa, linafunguliwa. Nilijua anafanya nini mle ndani. Anauchukua ushungi, anaurudisha.

Akatoka na birika la chai. Kichwa kilikuwa wazi. Nywele zake amezichana nyuma, amezibana, ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, na mbele juu ya paji pana mstari wa mvi ambao mimi tu nilikuwa naujua. Alitembea kutoka mlangoni mpaka mezani kama mtu anayevuka maji, akamimina chai.

Bushiri alimtazama. Sikuwahi kuona mtu anatazama hivyo na natumaini sitaona tena. Ilikuwa mara moja, tangu mstari wa mvi mpaka shingoni, kisha macho yake yakashuka kwenye kikombe na hayakupanda tena.

"Sikujua una mvi, dada," akasema.

"Karibu chai, kaka," Nasrin akasema, akamsogezea sukari.